Kobe Alipokataa Kupanda Kilima

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, lakini mtaani wanamwita Fundi Mbili. Akimaliza kushona nguo za watu, anavaa koti lake la zamani lililolowa mafuta na kuingia chini ya gari. Gari lenyewe limemzidi umri mume wangu. Mgongo wa gari hilo ni wa mviringo, ndiyo maana nyumba nzima tunaliita Kobe. Vipuri vyake havipatikani tena madukani. Kitu kikiharibika, mama anakifungua, anakisafisha, anakitengeneza na kukirudisha mahali pake. Ana mikasi miwili, mmoja wa vitambaa na mwingine wa Kobe, na ole wako uichanganye.

Nilipoolewa nilidhani ni mchezo tu wa mtu mzima aliyefiwa na mumewe. Baadaye nikaanza kumwangalia vizuri. Hagusi vitu viwili kwa mpigo. Anagusa kimoja, anaandika kwa chaki ya kushonea ukutani mwa banda, kisha anaendesha aone kilichobadilika.

"Ukibadilisha viwili pamoja," aliniambia, "gari likipona hujui umshukuru nani."

Siku chache baada ya kumleta mtoto wangu nyumbani, Kobe akaanza visa. Kwenye tambarare anakwenda vizuri kabisa. Akifika katikati ya kilima, mbele ya karakana ya seremala, anakohoa mara mbili na kuzima. Ukimwacha robo saa anawaka kama vile hakuna kilichotokea. Seremala alishazoea. Akituona tu anaita, "Karibuni kituoni! Kiti nimeshakifuta vumbi!"

Mume wangu hakuona cha kuchekesha. Chumba chetu ni kidogo. Kitanda cha mtoto kinazuia mlango, na mtu akitaka kutoka lazima mwingine apande kitandani. Alikuwa analitamani lile banda la Kobe aligeuze chumba. Jumapili moja tukiwa mezani akamwambia mama yake:

"Mama, tukubaliane. Jumamosi ijayo, Kobe akipanda mpaka mnara wa simu kule kileleni bila kuzima, anabaki. Akizima, namwita mtu wa vyuma chakavu."

"Na wewe utakuwa ndani?"

"Nitakuwa ndani."

"Sawa," mama akasema, akaendelea kula.

Chumba nilikihitaji, sitadanganya. Lakini niliuona mkono wa mama ukikusanya makombo mezani ambayo hayakuwepo.

Jumatatu alisafisha plagi. Kobe akazima kwa seremala. Jumanne aliifunga koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa kitambaa chenye maji, maana wengine walisema ni joto. Akazima kwa seremala. Jumatano aliifungua pampu ya mafuta juu ya sinia, akaipanga vipande vipande kama mtu anayepanga vifungo vya shati, akaipima ikitema mafuta ndani ya chupa. Ilikuwa inatema kwa nguvu. Akairudisha. Alhamisi ikawa zamu ya kabureta, inayochanganya mafuta na hewa. Kila jioni alikata kwa chaki jina la kifaa kimoja ukutani, asikunje uso wala kulaumu mtu.

Jirani yetu fundi redio akachungulia juu ya ukuta. "Fundi Mbili, huo ni uzee tu. Mwache apumzike."

"Hata mimi ni mzee, na kilima napanda."

"Wewe huna kabureta, mama!"

"Unajuaje?"

Ijumaa asubuhi aliniambia, "Mwanangu, njoo na mtoto. Nataka masikio mengine." Nikakaa nyuma, mtoto mapajani. Tulipofika kwa seremala, Kobe akakohoa, akazima. Seremala akatoka na kiti chake. Mama akashuka na kijiti akapime mafuta yaliyobaki. Akaufungua mfuniko wa tangi.

Fyuuu.

Ilikuwa sauti ya kuvuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyezama na kuibuka. Hata mtoto alishtuka. Mama akasimama na mfuniko mkononi. Kisha akaurudisha, akaingia, akawasha bila kusubiri hata dakika moja. Kobe akawaka mara ya kwanza.

Nilitegemea atafurahi. Badala yake alizima gari, akaufuata tena ule mfuniko na kuugeuza. Ndani yake palikuwa na duara jeusi la mpira, lililokatwa vizuri sana.

Nikalikumbuka. Nilipomleta mtoto nyumbani, harufu ya petroli ilikuwa inaingia dirishani kwetu. Nilisema mara moja tu, kwa upole, kwamba inaniumiza kichwa. Siku hiyohiyo mama alichukua mpira wa ndani wa tairi kuukuu, akakata duara likae chini ya mfuniko, na harufu ikaisha. Kumbe mfuniko ule una kitundu cha kuingiza hewa, na lile duara lilikiziba. Mafuta yalikuwa yanatoka bila hewa kuingia, tangi linajibana, mpaka pampu inashindwa kuvuta.

"Kila nilichogusa kwenye gari nilikiandika," akasema. "Hiki sikukiandika. Nilikihesabu kazi ya mtoto."

"Mama, ni mimi niliyelalamika harufu."

"Wewe ulisema harufu. Mkasi niliushika mimi."

Akalitoboa duara kwa sindano nene, tukapanda mpaka mnarani bila tatizo. Mimi ningeishia hapo nipige vigelegele. Yeye alirudi nyumbani, akakata duara jingine lisilo na tundu, akaenda kumzimisha Kobe kwa makusudi palepale kwa seremala. Ndipo akaamini.

Jumamosi mume wangu alikaa mbele, mikono imekunjwa kifuani. Tulipokaribia kwa seremala nilibana pumzi ingawa nilijua. Kobe akapita. Seremala akabaki na kiti chake mkononi akipiga kelele, "Mama, umepitiliza!" Mama akampigia honi. Juu mnarani akasimama, injini ikiendelea kunguruma polepole.

Mume wangu akaikunjua mikono. "Haya, anabaki. Ilikuwa nini?"

Mama angeweza kusema pampu. Angeweza kusema koili. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi, na mimi nisingesema.

"Nilikuwa mimi," akasema, akamweleza yote.

Mume wangu alicheka mpaka akafuta macho. "Kwa hiyo wiki nzima umetafuta ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe?"

"Mpira niliukata vizuri mno. Ungekatwa vibaya ungepitisha hewa." Naye akacheka. Kisha akageuka kwangu. "Ila chumba mnakihitaji, hilo mumeo hakukosea. Mtoto akianza kutambaa atatambaa juu ya nini? Chukueni chumba changu cha kushonea. Cherehani nitaihamishia bandani."

"Bandani kuna grisi, Mama. Nguo za watu zitakaaje?"

"Ndiyo maana utanijengea ukuta katikati."

Mume wangu akanitazama. Nikainama kumrekebisha mtoto kofia ili asinione ninavyocheka.

"Wenye dirisha la kumwona Kobe," mama akaongeza, akaachia breki.