Mafundo ya Nyasi Kando ya Bwawa

Enzi zetu hakuna mtoto aliyetafuta kitu kwa simu. Juzi wajukuu wangu walienda kuzunguka bwawa la shamba la chai, hapa chini ya Kapsoit, wakitafuta sanduku ambalo wageni fulani wameficha. Simu iliwaambia liko mbele. Mbele kulikuwa na maji. Wakaingia. Walirudi na viatu mkononi wakaniuliza kama sisi tulikuwa na mchezo kama huo. Tulikuwa nao, na hatukulowa. Sisi tulipotea nchi kavu.

Aliyeuleta ni Rodah, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, mke wa karani wa kiwanda. Alivaa viatu vya kisigino hata kwa matope, na chai alikunywa bila maziwa, jambo ambalo mama yangu aliliombea. Jumamosi moja Krismasi ikikaribia, alificha mkebe kando ya bwawa, ndani akaweka muhuri wa mpira na wino. Atakayekuwa wa kwanza kurudi kanisani na muhuri mkononi ndiye angepiga ngoma siku ya Krismasi.

Ile ngoma niliitaka kuliko chakula. Mzee aliyekuwa akiipiga alikuwa amehamia Siongiroi kwa mtoto wake, ikabaki imekaa tu. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi kwa debe la mama la maji mpaka likatoboka.

Sasa, kwa vile wengine wetu hatukujua kusoma, mwalimu hakuandika kitu. Alifunga nyasi.

"Mkiona nyasi ina fundo, hapo nimepita. Fuateni mpaka mkebe."

Alikuwa mama mwema, lakini alitoka mjini, na hakuuliza mtu. Sisi watoto wa huku, ukichelewa kurudi nyumbani ulifunga nyasi njiani ili mama asahau kukuchapa. Mimi nilichelewa kila siku. Dada yangu Chebet pia. Kutoka bwawani mpaka kwetu, nyasi iliyosimama wima ungeitafuta.

Utasema tungejua. Hatukujua. Mwalimu akisema fundo ni lake, ni lake.

"Hili hapa!" Chebet akapiga kelele. "Na lingine!"

"Nyamaza wewe, watatusikia!"

Tukakimbia, tukapita majani chai, tukapita josho la ng'ombe, mafundo yakizidi kuwa mengi, na mimi tayari naisikia ngoma. Tukatokea kwetu. Mama alikuwa mlangoni akichagua maharagwe.

"Weri," akaniambia, maana ndivyo mvulana anavyoitwa kwetu, "leo umerudi mapema. Nani amekufa?"

"Mama, mkebe uko wapi? Mafundo ya mwalimu yametuleta hapa."

Akaangalia njia. Akarudi kwa maharagwe yake.

"Hayo ni yenu. Na hayajawahi kufanya kazi."

Tulirudi mbio. Njiani tukakutana na wenzetu, kila mmoja akitoka kwao. Mmoja alikuwa ameshikwa na nyanya yake akalishwa ugali kwanza. Mlangoni pa kanisa alisimama Otieno, ana wino mpaka kwa kiwiko. Wazazi wake walikuwa wametoka ziwani majuzi kuchuma chai, na mambo ya fundo hakuyajua.

"Wewe ulifuata nini?"

"Kisigino," akasema. "Kwani nani mwingine anacho?"

Krismasi nikasimama nyuma na sauti yangu tu. Tuliimba wimbo wetu wa Kikipsigis, ule wa polepole wa kusimama kama mlingoti. Otieno akaupiga vile kwao hupigwa, na wamama wakaanza kutikisa mabega. Niliomba akosee. Hakukosea.

Siku hizi kanisa lina kinanda cha umeme na spika kubwa kumshinda pasta. Vijana huuimba wimbo ule kwa mwendo ule ule wa Otieno, wamevaa shanga, na kiongozi wao hutangaza kwamba hivi ndivyo mababu zetu walivyouimba tangu zamani. Otieno alirudi kwao. Chebet ametangulia. Nimebaki mimi wa kuwakosoa, lakini ngoma ikianza, mabega yangu hayaningoji.