Mbuzi Aliyeliwa Sinemani

Tulipokuwa wadogo kule Ruiru, kwenye shamba la kahawa, waigizaji wa sinema tuliwajua hadi majina yao ya utani. Vijana wa leo na simu zao za kupapasa wacha wanicheke tu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa.

Mwalimu wa shule ya shamba alinunua kamera kuukuu kwa mwenye duka mmoja Thika, akaamua kutengeneza sinema ya harusi. Bibi arusi akawa shangazi yangu Wairimu, mchuma kahawa mwenye mwanya na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Bwana arusi akawa Wekesa, fundi wa mashine aliyetoka magharibi, karibu na Uganda. Baba wa bibi arusi akawa baba yake hasa, babu yangu, tuliyemwita Guka.

Basi hapo ndipo palipokuwa na utamu. Shamba zima lilijua Wairimu na Wekesa wanapendana kweli, na kwamba Guka alikuwa amekataa katakata. "Binti yangu haolewi na mtu ambaye kwao sikujui!" Lakini kuigiza? Mwalimu alisema mbuzi atakuwa wa kweli, na Guka alipenda nyama. Alikubali kabla hajamaliza chai yake.

Sinema ilipokamilika tuliitazama ndani ya stoo ya kahawa, Jumapili alasiri, maana siku hizo giza likiingia ilikuwa amri ya serikali kila mtu awe ndani. Madirisha yakazibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa ukutani. Weee! Wekesa alisimama kama nguzo ya ua, hajui mikono aiweke wapi. Mbuzi alimponyoka mara mbili, tukampigia mbuzi makofi. Shangazi alilia machozi ya kweli, hata akina mama wakaanza kujifuta kwa leso. Lakini nyota alikuwa Guka. Alimpokea mbuzi, akala na wazee wenzake huku akitukodolea macho, kisha akainua mkono akabariki.

Magunia yaliposhushwa, shangazi alisimama.

"Baba, huyo mbuzi alinunuliwa na Wekesa. Si umemla?"

Kwetu, baba akishakula mbuzi wa posa mbele ya wazee, binti ameshatolewa. Guka akawageukia wazee wenzake, na wote wakawa wanaangalia miguu yao.

"Ngai!" akasema. "Na mbavu zote nilikula mimi."

Akaanza kucheka yeye mwenyewe, nasi tukapiga vigelegele mpaka vumbi la kahawa likatuingia puani. Sijawahi kufurahi vile tena.

Siku hizi watu wanaoana kwenye sinema, kisha kila mtu anarudi kwake. Filamu yetu ilioza kwa unyevu stoo ileile, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini nikipita Witeithie huingia kwa wajukuu wa shangazi, na yule mdogo akicheka, mwanya ukaonekana, namwona Wairimu tena pale kwenye shuka.