Rekodi Tatu Mbele ya Cherehani ya Dada

Kazi ya kununua asali imenifundisha kutomwamini mtu anayetabasamu huku ameshika dumu. Naichukua Kitahana na Kasanda, upande wa Kibondo, naileta Kasulu, na kabla sijaipokea naidondosha kwenye glasi ya maji. Asali halisi inashuka mpaka chini na kukaa pale. Iliyotiwa sukari inaanza kutawanyika kabla haijafika. Asali nzuri kupita kiasi, ile inayomiminika kama hariri, ndiyo ninayoichunguza mara mbili.

Muziki nao nausikiliza hivyo hivyo. Napenda metali: magitaa yaliyotiwa ukali mpaka yanakwaruza, ngoma zinazopigwa kwa miguu yote miwili, na mwimbaji anayeunguruma pale ambapo wengine wangeimba. Lakini bendi kubwa siziamini. Natafuta zile ndogo zisizo na kampuni, zinazojirekodi zenyewe nyumbani na kusambaza kazi zao mkono kwa mkono, simu kwa simu. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa miji mingi, na karibu kila mji umeniachia rekodi ya namna hiyo.

Mwaka jana nilirudi Kasulu, kwa dada yangu mkubwa. Ni fundi cherehani, mjane, na sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake. Alinipa chumba cha nyuma bila kuniuliza ningekaa muda gani. Miezi kumi na moja ikapita. Sikuwahi kukaa popote muda mrefu hivyo, na nilianza kuogopa kwamba ningekizoea chumba kile halafu nitolewe.

Jumamosi moja waya wa hedifoni zangu ukachomoka. Nilikuwa nimekaa kibarazani, simu mfukoni, na dada alikuwa ndani akimpima mteja kiuno. Muungurumo ukatoka mfukoni mwangu kama ng'ombe aliyenaswa kwenye matope. Mteja akatoka na futi ingali imemzunguka.

"Ni simu tu, mama," nilimwambia.

"Simu ya nani?" akauliza, na hakungoja jibu.

Dada hakusema neno. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Dada yangu ni mtu wa kusema. Chumvi ikizidi anasema, viatu vikiwa na tope anasema. Safari hii alimaliza siku mbili ananiangalia tu. Siku ya tatu nikakuta begi langu halipo chini ya kitanda. Siku ya nne wakaja wanawake wawili wa kanisani kwake. Walinisalimu kwa heshima, wakipiga makofi taratibu kama wazee wetu wanavyofanya, lakini makofi yaliendelea kuliko kawaida na macho yao yalikuwa kwenye mfuko wangu wa suruali. Nikajumlisha. Begi limepelekwa kuombewa. Baada ya begi ni mimi, na baada yangu ni chumba.

Nilimweleza mwenye duka anayenunua asali yangu, mtu ambaye wazazi wake walitoka Tanga na bado anazungumza kama wao.

"Nishasikia," alisema. "Mtaa mzima wasema umefuga simba chumbani."

"Nifanye nini?"

"Akikuuliza, mchagulie wimbo ulio mpole. Mgonjwa hapewi pilipili kijiko cha kwanza, bwana."

Jumapili, baada ya ibada na baada ya ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, dada alikaa mbele ya cherehani yake akaniita.

"Mwana wa mama, njoo na hiyo simu. Niwekee nisikie."

"Usikie nini?"

"Unachosikiliza. Na usinichagulie."

Nilimchagulia. Niliweka rekodi niliyopewa Arusha na mtu tuliyefanya kazi pamoja, ya bendi ya nchi moja ya baridi. Inaanza kwa gitaa laini na mwanamume anayeimba kwa upole, na ngoma zinaingia baadaye, kila pigo sawa na lenzake. Mimi mwenyewe niliishuku tangu siku ya kwanza. Nilihisi mpiga ngoma ni kompyuta, ila sikuwa na ushahidi. Kwa dada niliona itanifaa.

Alikuwa anashona pindo. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Huyu simwamini," alisema.

"Huyu ndiye mpole kuliko wote."

"Hapumui. Mstari mrefu hivyo, lazima mtu avute pumzi mahali. Wamezikata pumzi zake. Mtu anayeficha pumzi anaficha na mengine."

Miaka yote nimeisikiliza rekodi ile na sikuwahi kuliona hilo.

"Weka nyingine. Ile ya siku ile."

Ile ya siku ile nilipewa Mbeya na dereva wa lori. Ni vijana watatu wa Botswana. Nadhani walirekodi kwenye chumba chenye paa la bati, maana ngoma inapogonga unasikia bati likijibu. Mwimbaji anaunguruma kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye muhogo wake, amechelewa na anajua amechelewa. Katikati ya wimbo wa pili mpiga ngoma anakohoa, nao wakauacha ulivyo.

Dada akainua kichwa. "Kuna mtu kakohoa."

"Mpiga ngoma."

"Apewe maji." Akacheka kidogo, puani. "Ya tatu?"

Ya tatu ni ya mtu mmoja tu, Mkongo aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Tulikutana sokoni, akitafuta mtu wa kumtengenezea redio. Gitaa lake alilipitishia kwenye redio hiyo hiyo iliyopasuka spika. Aliniambia, "Vieux, mzee wangu, studio sikuwa nayo, nilikuwa na blanketi tu." Alijifunika blanketi na simu yake ili sauti za majirani zisiingie. Ukisikiliza, unamsikia anavyokosa hewa kadiri wimbo unavyoendelea, na mwisho si mwisho wa wimbo. Ni yeye kufunua blanketi.

Dada aliisikiliza yote. Kisha akaanza kuniuliza, na nikajua sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

"Ile ya kwanza ulipewa wapi?"

"Arusha."

"Ukaondoka Arusha lini?"

"Haikupita muda."

"Ya Mbeya?"

"Dereva huyo huyo ndiye aliyenipakia."

"Na hii ya blanketi?"

Nilitazama sakafu. "Hapa. Hapa Kasulu."

Akarudisha kitambaa chini ya sindano lakini hakushona.

"Ulipokuwa kwa mama ilikuwa kaseti. Ukianza kujiziba masikio, wiki haiishi tunakuta kitanda kimetandikwa na wewe umeshaondoka. Mama akawa anachukia kitanda kilichotandikwa."

"Nilidhani unaogopa mashetani."

"Shetani gani atakubali kukaa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hivyo? Wale wenzangu niliwaita wakuangalie uso. Wao ni watu wazima, wanamjua mtu anayetaka kuondoka. Walisema unaondoka."

"Na begi?"

"Begi ninalo."

Nilikuwa nimeshazungumza na dereva mmoja anipeleke Kibondo, na kutoka Kibondo nilikuwa nimeulizia magari ya Mwanza. Hilo nilikuwa sijajikubalia hata mimi. Kwake, na kwangu mwenyewe, nilikuwa nikiliita msimu wa asali wa Kibondo.

"Unakwenda Kibondo na kurudi," aliuliza, "au unakwenda tu?"

"Na kurudi."

"Basi asali haihitaji begi." Akaingia ndani, akatoka na dumu tupu na sweta la marehemu mumewe. "Kitahana kuna baridi."

Nilikwenda na dumu. Pale stendi ya Kibondo fundi simu mmoja alinisikilizisha bendi asiyoijua hata yeye. Ilikuwa nzuri, gitaa kama nyuki waliotibuliwa, na mtu nyuma akihesabu kwa lugha nisiyoitambua. Akaniambia nifungue simu anirushie. Nilimwambia simu yangu imejaa. Haikuwa imejaa. Uongo ule uliniuma mpaka Kasulu.

Alhamisi mchana niliweka dumu mezani kwa dada. Hakuniambia karibu. Alileta glasi ya maji, akadondosha asali kwa kijiko, akainama kuitazama ikishuka. Ilifika chini ikatulia. Hata hivyo akaikoroga kwa ncha ya kijiko, aone kama itatawanyika.

"Na zile kelele," alisema, "umeongeza?"

"Sijaongeza."

Akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani yake ya kushonea.

"Lete nione."

Nikampa simu.