Mwanangu Anataka Kusema Ukweli, Baba Yake Hataki

Habari admin. Naomba unifiche kabisa, maana majirani zangu wako humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, kwetu ni Moshi ila nimeolewa hapa Karatu, nina duka la vitenge. Mume wangu ni dereva wa watalii, kila mara yuko mbugani, kule kreta. Kijana wetu ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu.

Mwezi uliopita, baba yake akiwa safarini, mtoto alichukua pikipiki ya baba yake bila ruhusa akaelekea Ganako. Huko akamgonga bibi mmoja aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe. Akaogopa, akakimbia. Nyuma yake alikuja kijana wa bodaboda, akasimama kumsaidia yule bibi. Watu walipotoka mashambani wakamkuta ameinama pale, pikipiki yake pembeni, wakadhani ndiye aliyemgonga. Walimpiga vibaya sana, kisha polisi wakamchukua. Bibi alifia hospitali bila kusema neno. Yule kijana mpaka leo yuko mahabusu.

Mume wangu aliporudi, mwanangu alituambia mwenyewe. Alipiga magoti sebuleni analia: "Baba, nipeleke polisi. Yule kaka hana kosa." Nilijua mume wangu atampiga. Hakumpiga. Alifunga mlango, akasema taratibu, "Hilo neno lisitoke humu ndani. Sikukuzaa uende jela." Kesho yake akampeleka Moshi kwa baba yake mkubwa. Shuleni tukasema anaumwa. Pikipiki ikauzwa.

Kwenye msiba wa yule bibi nilikwenda na kina mama wa jumuiya, nimebeba sufuria ya makande. Mama wa yule bodaboda naye alikuja kutoa pole. Hakuna aliyempa hata kiti. Alisimama kwenye uzio mpaka mfiwa mmoja akamwambia aondoke. Alipopita karibu yangu akanishika mkono. "Dada, wewe ni mzazi. Mwanangu alisimama kusaidia tu. Nani ataniamini?" Nilimwangalia anavyoshuka ile njia peke yake, nikatamani ardhi inimeze.

Jana mwanangu kanipigia kwa simu ya binamu yake. Anasema hali, halali. "Mama, tangu mdogo mnaniambia mwanaume anabeba mzigo wake. Leo nataka kuubeba, mnanificha. Jumamosi nakuja, naenda kituoni. Utanisindikiza au niende mwenyewe?"

Nikamweleza mume wangu. Akanijibu, "Ukimsindikiza, usirudi kwangu. Na akifungwa, umemfunga wewe." Ndugu zake wote wanamuunga mkono. Wanasema mtoto ataharibikia jela, na yule bodaboda ataachiwa tu, hakuna aliyemwona akigonga. Ataachiwa kweli? Mbona hajaachiwa?

Wengine mtasema mtoto wa kiume ndiyo anakua hivyo, nijivunie. Nani anajivunia kumpeleka mwanawe polisi kwa mikono yake? Namtaka nyumbani. Namtaka amalize shule. Lakini kila nikimfikiria yule mama mwenzangu, naona aibu hata kupiga goti nisali.

Namjua mwanangu, atakuja. Nikimsindikiza, ndoa yangu imekwisha. Nikimwacha aingie mle kituoni peke yake, sijui nitamwita tena mwanangu kwa mdomo gani. Wazazi wenzangu, nitukaneni mkitaka, ila niambieni kabla ya Jumamosi: nishike lipi?