Mdudu Anayebadilisha Kichwa

Juzi, kwenye foleni ya chanjo ya mafua katika zahanati ya Al Thumama huku ughaibuni, mbele yangu alikuwa soja Mkenya, mlinzi wa geti. Yeye na wenzake wanalala sita chumba kimoja huko Industrial Area, mtaa wa viwanda, na mwenzao wa kitanda cha chini anapumulia mashine hospitalini kwa mafua hayo hayo.

"Sista, mwaka jana nilidungwa," akamwambia nesi. "Kinga si bado ninayo?"

"Kinga ni soja kama wewe. Humtambua mdudu wa mafua kwa kichwa, na kichwa hubadilika kila mwaka. Shingo ndiyo haibadiliki sana. Wataalamu wanatafuta chanjo ya kumkamata hapo."

Soja akajishika shingo. "Kwa hivyo soja wangu huenda hamjui huyu mwizi?"

"Hiyo ya shingo inakuja lini?" nikadakia mimi bibi kizee.

"Bado, shosho. Bado wanachunguza umbo la hiyo shingo."

"Basi tudunge hii ya kichwa upesi, kabla mdudu hajanyoa."

Soja akakunja mkono wa shati. "Hii itaanza kazi lini?"

"Kama wiki mbili."

Akanigeukia. "Shosho, hizo wiki mbili nitalala wapi?"