Kifaranga wa Pili

Kijijini kwa bibi, upande wa Kishapu, ng'ombe ni wengi kuliko miti, kwa hiyo watu hupikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka. Moshi wake unachoma macho. Macho ya bibi yamekuwa mekundu tangu kabla sijazaliwa. Nalisema hili mapema kwa sababu hapo ndipo watu wa kwetu huanzia wanapomtafuta mchawi.

Mwaka jana, pamba ilipokwisha kuvunwa, mjomba alirudi kutoka machimboni. Ndiye mtoto wa kwanza wa bibi. Ana duara lake karibu na Runzewe, yaani shimo analochimba na wenzake wakitafuta dhahabu, na duara hilo lilikuwa limekataa. Mawe yalipandishwa, yakapelekwa kwenye karasha, yakasagwa, yakaoshwa, yakabaki kuwa mawe. Kisha mtoto wake mchanga akaharisha, akafa. Kwa mchimbaji, mambo mawili ya namna hiyo hayawezi kuwa mawili. Lazima yawe na mkono mmoja.

Mimi nilikuwepo kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Tangu nimalize chuo kikuu naishi Ngokolo, mjini Shinyanga, kwa dada yangu, na nafundisha tuisheni. Watoto wakienda likizo sina la kufanya, basi nakwenda kwa bibi.

Mjomba alikuja na mganga. Sijui nilitarajia nini, pengine mzee wa ngozi na shanga. Huyu alikuwa kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Alipiga goti kidogo mbele ya bibi. "Shikamoo mayu," akasema, yaani mama.

"Marahaba baba. Karibu." Bibi akampa maziwa ya mgando, akayanywa yote na kuyasifia. Redio husema kila siku kwamba ramli chonganishi ni marufuku. Bibi mwenyewe ndiye mwenye redio.

Ramli ya kuku ina utaratibu wake. Kifaranga hutolewa kwenye nyumba inayoulizwa, si kwingine. Mwenye shida humtemea mate mdomoni, na mate hayo ndiyo swali. Kisha kifaranga hupasuliwa, na jibu husomwa ndani.

Mjomba alitema. Mganga alimlaza kifaranga chali kwenye ungo, akampasua angali hai. Chuoni niliwahi kupasua panya, lakini tulimlaza kwanza kwa dawa. Mwalimu alisema tunafanya hivyo kwa ajili ya panya. Nilikuwa na shaka, nadhani tulifanya kwa ajili yetu. Huyu hakuna aliyejisumbua. Sauti yake ilikuwa ndogo, na majirani waliojaa uani hawakukatisha mazungumzo.

"Sogeeni muone." Mganga alifunua ini kwa ncha ya kisu. Lilikuwa na madoa meupe, kama limenyunyiziwa unga. "Mwanamke. Wa damu. Macho yake hayalali."

Uani wote wakageuka. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anapeta choroko.

"Kaka," nikasema, "huyo kuku alikuwa anaumwa. Ni ugonjwa wa kuharisha kweupe. Hayo madoa ndiyo dalili yake."

Hakukasirika. "Sawa, dada msomi. Anaumwa. Sasa nani kamtia ugonjwa?"

Watu walicheka. Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Kumbe huko chuo kikuu wanasomea mavi ya kuku!" Wakacheka zaidi, na mimi, nikitafuta jibu, nikagundua kwamba swali la mganga halikuwa la kijinga. Lilikuwa swali ambalo sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote. Kwa nini huyu, kwa nini hapa, kwa nini sasa. Nilichokijua mimi kilijibu kitu kingine.

Bibi akaweka ungo wake chini. "Leteni kisu kingine, hicho kimechafuka. Nitamtemea wangu mwenyewe."

Nilimfuata hadi kwenye banda. Kuku wake mwekundu alikuwa nje na vifaranga wake, anawaparulia mchanga. Nikamshika bibi mkono. "Bibi, hawa na yule wa kwanza mama yao ni mmoja. Ugonjwa huu kuku anautaga ndani ya yai. Ukimpasua yeyote utakuta yale yale."

"Ndiyo maana nachukua wangu. Nikichukua wa jirani watasema nimejificha."

"Basi tuondoke. Naita bodaboda sasa hivi."

"Anayeikimbia ramli ameshajijibu." Aliinama akachagua kifaranga mchangamfu kuliko wote, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga. "Ng'wanawane, unaogopa nini? Mimi sijafanya kitu. Kuku atasema."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uani mzima mimi peke yangu ndiye nisiyemwamini kuku. Mjomba alimwamini, majirani walimwamini, na bibi alimwamini kuliko wote kwa sababu alijua hana kosa. Alimtemea taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto, kisha akamshika mwenyewe miguu wakati kisu kinapita.

Madoa yalikuwa mengi kuliko ya yule wa kwanza.

Mimi nilimwangalia bibi usoni, nikingoja akatae, atukane, aseme mganga kaweka dawa kwenye kisu. Aliinama karibu na ungo, akalitazama lile ini kwa makini, kama anayesoma jambo lake ambalo wengine walikuwa wakimficha.

"Kumbe," akasema.

"Bibi, kumbe nini?" Nilipiga kelele. "Kumbe nini?"

Mjomba alikuwa amekaa chini, analia kwa sauti. "Mayu, umenilia mwanangu. Ungeniambia unataka nini, ningekupa." Alikuwa analia kweli, na ndicho kilichonitisha. Ningejua la kufanya na mwongo.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alikuwa ameshasikia. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akichokonoa meno. "Bibi yako kapigwa?"

"Bado."

"Basi hapa aliyechinjwa ni kuku. Nikufungulie kesi ya kuku?"

Niliporudi, vijana walikuwa wamezunguka banda. Kuku mwekundu na vifaranga waliobaki walikuwa wamefungiwa ndani, na mabua ya pamba yamerundikwa mlangoni. Jua lilikuwa bado juu. Mmoja wao nilisoma naye shule ya msingi. Alikuwa ndiye mchekeshaji wa darasa, na siku ile pia.

"Nyama choma ya bure! Nani ana chumvi?"

"Wewe utakula kuku wa mchawi?"

"Nakula paja tu. Uchawi unakaa kwenye firigisi."

Wakawasha. Nilitaka kukimbilia pale, lakini bibi, aliyekuwa ndani anafunga nguo zake kwenye kanga, alitoka akanikamata gauni. "Waache," akasema. "Wakimalizana na kuku watakuwa wamechoka."

Kuku hawapigi kelele muda mrefu. Tuliondoka kwa bodaboda wakati moshi bado unapanda, moshi ule ule wa kila siku, na hakuna aliyetugusa.

Sasa bibi anaishi nasi Ngokolo. Nimemweleza kila kitu. Nimemwonyesha picha ya ini lenye ugonjwa ule kwenye kitabu changu, akaitazama kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha akauliza, "Na kile kitoto cha mjomba wako? Nacho kilipewa ugonjwa tumboni mwa mama yake?"

"Hapana. Labda ni maji. Maji ya kule machimboni ni machafu."

"Labda?"

"Labda, bibi. Hakuna aliyempima."

"Unaona," akasema bila ubishi wowote. "Hata wewe hujui. Na mimi nikilala sijui ninakokwenda."

Duara la mjomba bado halijatoa kitu. Wiki iliyopita alimpigia dada simu, akauliza bibi analala chumba gani. Dada yangu ni mtu wa akili, na ana mtoto wa miezi michache anayeanza kutambaa. Aliweka sauti ya juu ili nisikie, akamcheka. "Mjomba, analala kitandani. Ulidhani analala mgongoni kwa fisi kama mchawi?" Tulicheka wote wawili. Jioni ile ile alihamisha kitanda cha mtoto kutoka chumba cha bibi hadi chumbani kwake, akasema kule kuna mbu.

Jana mtoto alitambaa sebuleni hadi kwenye miguu ya bibi, akashika pindo la kanga, akataka kusimama. Bibi alikunja miguu juu ya kochi, akaikalia mikono yake.

"Mchukueni mtoto wenu," akasema.

Nikamtazama dada, nikingoja acheke. Alikuwa ameshanyanyuka.