Damu ya Kina Esh

Simu yetu haikai nyumbani, kanisa letu haliruhusu. Iko kwenye kibanda cha mbao mwisho wa njia, tunaitumia familia nne, na usiku ule nilikaa humo juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiikodolea macho kama maziwa jikoni. Mwanangu Sylvan alikuwa ameanguka zizini saa moja jioni, mkono kifuani. Ana miaka thelathini na mmoja. Jirani mwenye gari alimkimbiza hospitali, mume wangu Benuel akaenda naye. Mimi nilibaki kungoja.

Kilichoniumiza hakikuwa hofu peke yake. Nilijua kwa nini ameanguka, na nilijua mkono wangu umo.

Benuel Esh ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Pennsylvania, mwembamba kama mpini wa jembe, mtu ambaye sijawahi kumwona akimpiga farasi. Baba yake alifia shambani akiwa na miaka arobaini na mmoja. Babu yake, thelathini na tisa. Kwetu watu husema kina Esh huzikwa na meno yao yote. Nilipomkubali, mama yangu aliniambia, "Lavina, ukishona gauni la harusi, shona na jeusi kabisa."

Benuel alipofika arobaini, Judy, muuguzi wa kliniki yetu, mtu wa nje ya kanisa letu lakini anayetujua, alimpima damu. Lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, ilikuwa juu mno. Akatuketisha wote wawili.

"Mafuta haya hayatoki kwenye sahani yako, Benuel," alisema. "Umezaliwa nayo hali hii. Ini lako halijui kuyazoa kwenye damu. Yanabaki yakiganda kwenye kuta za mishipa, kidogo kidogo, mpaka siku njia inaziba. Ndivyo alivyokufa baba yako."

"Nikila shayiri? Mboga? Niache mafuta ya nguruwe?"

"Fanya vyote hivyo, vinasaidia. Lakini kwenu havitoshi." Akampa vidonge, kimoja kila usiku.

Alimeza wiki mbili. Akasema miguu inamuuma, akaacha. Hakutaka kurudi kwa Judy kuomba vya aina nyingine. "Mungu hakuumba mmea bure," alisema, akaanza kuchemsha dawa yake kwenye banda la kufulia: siki ya tufaha, kitunguu saumu, tangawizi, asali, na vitunda vyekundu vya mti wa miiba ulioota kando ya malisho. Mpaka mashuka yalinuka.

Nilikuwa na watoto sita, wa mwisho akinyonya. Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nikasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye jamu ya tufaha anayopaka mkate kila usiku. Akala, akalamba vidole.

Baada ya miezi mitatu lehemu ilikuwa imeshuka karibu nusu.

"Hongera, Benuel!" Judy alisema. "Hicho unachofanya, usikiache."

"Siachi ng'o," akajibu Benuel.

Kila mmoja alikuwa na lake akilini: Judy vidonge, ambavyo mimi ndiye niliyekuwa nikivichukua kliniki, Benuel chupa zake. Mimi niliyejua yote mawili nikainama kutafuta kitu kwenye kikapu.

Watu wakaanza kuja. Kwanza jirani yetu mzee, Elam Glick, ambaye alimwambia, "Dawa yako inanuka, Benuel, hata mauti yanaziba pua yanapita," akachukua chupa mbili. Kisha wakaja wa ushirika mwingine wa kanisa, vigari vyao vya farasi vimepangana uani. Benuel hakuwahi kuuza hata tone. Aligawa bure, akiwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona. Alitimiza hamsini, Esh wa kwanza kufika umri huo tunayemkumbuka, na watu walimtazama kama ushahidi unaotembea.

Mwaka ambao binti yetu Fannie alijifungua mapacha kule Ohio, nilikaa kwake wiki saba. Niliporudi, lehemu ya Benuel ilikuwa imepanda tena.

"Vitunguu saumu vya mwaka huu ni dhaifu," alisema, akapanda mbegu nyingine. Nami nikarudi kwenye kijiko changu. Iliposhuka, sifa zikaenda kwa mbegu mpya, na watu wakaiomba.

Sylvan alirithi damu ya baba yake, na alikuwa akimeza vidonge tangu ujana. Miaka miwili iliyopita niliiona chupa yake kwenye rafu nyumbani kwake, imeshika vumbi.

"Vipi hii?"

"Ah, mama! Baba hajameza hata kimoja miaka yote hii, na anainua magunia kunishinda mimi. Wewe na vidonge! Ungeolewa na mfamasia."

Nikaifuta vumbi ile chupa, nikairudisha rafuni. Niliogopa kwamba Benuel akijua hatakula tena kutoka mkononi mwangu, na atakufa kama baba yake. Nikajiambia Sylvan bado kijana, muda upo.

Simu ililia saa kumi alfajiri.

"Yu hai," alisema Benuel. "Wamemzibua mshipa. Sehemu ya moyo imekufa, wanasema haitarudi." Akavuta pumzi. "Anakiri alikuwa anaruka siku, hanywi dawa yangu sawasawa. Ameahidi sasa atakunywa mara mbili."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Unamjua Sylvan."

Aliporudi nilimketisha jikoni, nikamwambia. Aliweka mikono yote miwili mezani.

"Miaka kumi na mmoja?"

"Ndiyo."

"Kila usiku?"

"Isipokuwa nilipokuwa Ohio."

Nilimwona akiifikiria Ohio. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Kisha ukajifunga.

"Nilikunywa na dawa yangu pia. Unajuaje ni ipi iliyofanya kazi?"

"Benuel, ilipanda nilipoondoka!"

"Vitunguu vilikuwa dhaifu."

"Basi nami nitamwambia Sylvan achague mwenyewe."

"Hutamwambia lolote. Umenidanganya mimi na ushirika mzima. Toba itaanzia kanisani, ndiyo taratibu. Mgonjwa muache kwanza."

Nikatii. Nimetii miaka thelathini na miwili, ukiondoa kijiko kimoja. Tangu siku hiyo Benuel anakula mkate mkavu.

Jumapili ibada ilikuwa kwa kina Glick. Baada ya mahubiri watoto na wasiobatizwa walitoka, nami nikapiga magoti mbele ya waliobaki, nikasema yote. Walinitoa nje wakashauriana, wakaniita. Askofu Ephraim akanishika mkono, akaniinua.

"Umesamehewa, Lavina. Jambo hili limezikwa. Asilitaje mtu tena, hata wewe."

Mkewe akanibusu. Kwetu hiyo ni neema kubwa. Nimewaona walevi na wezi wakiinuka hivyo hivyo, na hakuna aliyewasuta mpaka leo. Lakini nilipoinuka nilitupa jicho kwenye mabenchi ya wanaume, nikakumbuka Sylvan yuko kitandani kwake, ametoka hospitali majuzi, mkewe Arie yuko naye. Wote walikuwa wamesikia isipokuwa yule mmoja aliyepaswa kusikia. Sijui kama Benuel alilipanga hivyo. Miaka yote hiyo naye, na bado sijui.

Uani Elam Glick alikuwa akimwambia, "Zile chupa zangu mbili, usisahau."

"Jumatano," Benuel akajibu.

Jumatatu nilifunga farasi nikaenda kwa Sylvan. Arie alifungua mlango kiasi cha uso wake, mtoto kiunoni.

"Mama, ni lile la jana?"

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa ni nini. Baba alipita asubuhi. Alisema kuna jambo lilizikwa kanisani, ukija kulifukua tusikukubalie, kwa ajili ya roho yako."

"Arie, anameza vidonge vya hospitali?"

Akatazama chini. "Baba ametuletea chupa nne."

"Nani huyo?" Sauti ya Sylvan ilitoka ndani, nyembamba, ya mtu anayehesabu pumzi.

"Ni mama yako."

"Si aingie! Nje baridi."

Arie akanisogelea. "Niahidi hutalitaja, mama. Niahidi tu, nikufungulie, umwone mwanao."

Nilitaka kumwona. Nilitaka kumshika miguu nione kama ina joto.

"Siwezi," nilisema.

Machozi yakamtoka. Akaufunga mlango taratibu, kama unavyofunga chumba cha mtoto aliyelala, na nikasikia komeo. Nikaweka mdomo kwenye mbao, nikaanza. Nilisema kidonge, nilisema jamu, nilisema Ohio. Ndani Arie akaanzisha wimbo wa kanisa, ule wa polepole, na watoto wakampokea mmoja mmoja. Nikapaza sauti. Nao wakapaza. Nilisema mpaka mwisho, nikarudia tangu mwanzo, na mlango haukufunguka.